Maswali ya Wasomaji: Linux na Mtandao wa Nyumbani

Barua nyingi za safari hii zimetoka Dodoma mjini, Kongwa, Mpwapwa na Manyoni, na karibu zote zinalia kilio kimoja: kompyuta yenye Linux imegoma kuingia mtandaoni. Tumechagua sita. Amri tulizoziandika zichapwe kama zilivyo, nafasi na vistari vikiwemo, kwa kuwa kwenye Linux herufi kubwa na ndogo ni vitu viwili tofauti. Majina kama enp3s0 na wlp2s0 ni ya kadi za mtandao. Ya kwako huenda yakawa mengine. Chapa `ip a` uyaone.

Waifai imekubali, kurasa hazifunguki

*Shikamoo fundi. Nimewekewa Linux Mint kwenye laptopu wiki iliyopita. Alama ya waifai inaonekana vizuri, na simu yangu inatumia ruta hiyohiyo bila shida, ila kwenye laptopu hakuna ukurasa unaofunguka. Jirani ananishauri nirudishe Windows. Nifanyeje?* — Msomaji, Nkuhungu

Marahaba. Usirudishe chochote kwanza. Alama ya waifai inathibitisha jambo moja tu, kwamba laptopu na ruta zimesikilizana hewani. Bado laptopu inatakiwa ipewe anwani, ijue mlango wa kutokea nje, na iweze kugeuza majina ya tovuti kuwa namba. Kokote itakapokwama, kivinjari kitakuonyesha ukurasa uleule mweupe. Ndiyo maana tunapima kimoja kimoja, tukianzia karibu kwenda mbali.

Fungua teminali, yaani dirisha la kuchapia amri, uchape:

`ip a`

Tafuta kadi ya waifai, ambayo jina lake huanza na wl, kisha usome mstari wa inet. Ukiona kitu kama 192.168.1.23/24, anwani ipo. Mstari wa inet ukikosekana, au namba zikianza na 169.254, ruta haijakupa anwani. Sababu ya kawaida ni ruta ambayo imefikisha idadi ya vifaa inavyoweza kuhudumia. Ruta ndogo za laini ya simu zina kikomo cha vifaa, na ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Zima waifai ya simu moja, kisha uunganishe laptopu upya.

Anwani ikiwepo, uliza njia:

`ip route`

Mstari unaoanza na default ndio mlango wa nje, kwa mfano `default via 192.168.1.1 dev wlp2s0`. Namba inayofuata neno via ni ruta yako. Ipigie hodi mara nne, kisha uipigie namba iliyo mbali, mwisho upige kwa jina:

`ping -c 4 192.168.1.1`
`ping -c 4 1.1.1.1`
`ping -c 4 debian.org`

Ya kwanza ikishindwa na kukujibu Destination Host Unreachable, tatizo liko kati yako na ruta. Ya kwanza ikipita na ya pili ikishindwa, laptopu yako haina kosa. Ruta yenyewe haitoki nje, na mara nyingi kifurushi kimekwisha. Simu inaweza kukudanganya hapa. Waifai isiyo na intaneti ikiigomea, nyingi hurukia data ya laini yake kimyakimya, wewe ukadhani ruta ni nzima. Zima data ya simu kabla ya kuitumia kama kipimo.

Ya pili ikipita na ya tatu ikajibu Temporary failure in name resolution, basi kilichokwama ni majina peke yake. Kwa dalili ulizotaja, tunashuku hapa. Angalia jina la muunganisho wako kwa `nmcli connection show`, kisha, ikiwa linaitwa Nyumbani, andika:

`nmcli connection modify Nyumbani ipv4.dns "1.1.1.1 8.8.8.8" ipv4.ignore-auto-dns yes`
`nmcli connection up Nyumbani`

Utakutana na watu wanaoshauri ufungue faili la /etc/resolv.conf na kuandika namba hizo humo. Kwenye Mint na Ubuntu faili hilo huandikwa na programu, na ndani yake utakuta 127.0.0.53, ambayo ni kompyuta yako yenyewe inayopokea maswali ya majina na kuyapeleka mbele. Ukiandika kwa mkono, leo itafanya kazi na kesho ukiwasha mashine maandishi yako hayapo. Watu wengi hukata tamaa na Linux kwa sababu ya faili hili moja.

Umeme ulikatika, sasa kila tovuti "si salama"

*Kompyuta ya mezani ya ofisini kwetu ilizimika umeme ulipokatika. Tangu hapo kivinjari kinakataa tovuti zote kwamba si salama, na `sudo apt update` inaleta makosa. Ni virusi?* — Karani, Kongwa

Si virusi. Chapa `date` ulinganishe na saa ya simu yako.

Kwenye ubao mama kuna betri bapa ya mviringo, CR2032 ya volti 3, inayotunza saa mashine ikiwa haina umeme. Ikiisha, kila umeme ukikatika saa hurudi nyuma. Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, kwa hiyo kompyuta inayoamini bado ni mwaka juzi huona cheti kimetolewa siku ambayo haijafika, nayo hukikataa. Apt, programu ya kusakinisha na kusasisha, nayo hukujibu kwamba faili la Release "is not valid yet". Kwa apt hata kuchelewa saa chache kunatosha, na wengi hawagundui kwa sababu wanaangalia tarehe tu bila kuangalia saa.

Chapa `timedatectl` usome mistari miwili: System clock synchronized na NTP service, huduma inayorekebisha saa kupitia mtandao. Huduma ikiwa inactive, iwashe:

`sudo timedatectl set-ntp true`

Subiri dakika moja uangalie tena. Ikigoma kwa sababu mtandao wa ofisi umefunga njia hiyo, iweke saa kwa mkono, kisha uiandike kwenye saa ya ubao:

`sudo timedatectl set-ntp false`
`sudo timedatectl set-time "2026-02-10 09:15:00"`
`sudo hwclock --systohc`

Weka tarehe na saa ya wakati huo, kwa mtindo wa saa 24. Huo wa mfano ni saa tatu na robo asubuhi, na ukiandika 03:15 kwa mazoea ya kuhesabu saa zetu utakuwa umerudi usiku wa manane. Majira yachaguliwe Africa/Dar_es_Salaam. Hakuna Africa/Dodoma kwenye orodha, na usiitafute, maana nchi nzima hutumia majira hayohayo.

Kisha nunua betri, hizo hupatikana hata kwa mafundi saa. Chomoa waya wa umeme kabisa kabla ya kufungua kasha, sukuma klipu ya pembeni kwa ukucha, betri itainuka yenyewe. Upande wenye alama ya kujumlisha uwe juu. Lakini kabla ya kuzima mashine na kuchomoa waya, piga picha kurasa za BIOS (mipangilio ya ubao mama), kwa kuwa mpangilio wake unaweza kurudi wa kiwandani, na mashine iliyokuwa ikiwaka kutoka kwenye diski fulani ikaanza kuitafuta kwingine.

Kifurushi kimoja cha simu, kompyuta mbili

*Nina kompyuta mbili za mezani zenye Debian, hazina waifai. Intaneti yangu ni simu. Naweza kuziunganisha zote mbili kwa simu moja bila kununua ruta? Na data isiishe kwa masasisho?* — Msomaji, Mpwapwa

Inawezekana, na unahitaji waya wa USB wa simu na waya mmoja wa mtandao.

Chomeka simu kwenye kompyuta ya kwanza, ingia kwenye mipangilio ya simu uwashe kushiriki intaneti kwa USB. Chapa `ip a`. Kadi mpya itaonekana kwa jina usb0, au jina refu linaloanza na enx. Isipoonekana, chapa `lsusb` kabla na baada ya kuchomeka simu. Orodha isipobadilika, waya ni wa kuchaji tu. Nyaya nyingi za bei ndogo zina nyuzi mbili za umeme ndani na hazina zile mbili za data. Simu inachaji vizuri kabisa, na kompyuta haioni kitu. Badilisha waya kabla ya kugusa kitu kingine.

Sasa unganisha kompyuta ya kwanza na ya pili kwa waya wa mtandao. Zamani ilibidi waya uwe umepishanishwa. Kadi za miaka mingi sasa hujipanga zenyewe, waya wa kawaida unatosha. Kwenye ile yenye simu:

`sudo nmcli connection add type ethernet ifname enp3s0 con-name gawio ipv4.method shared`
`sudo nmcli connection up gawio`

Kompyuta hiyo itajipa anwani 10.42.0.1 na kuanza kuigawia ya pili anwani na njia, kama ruta. Ya pili haihitaji amri yoyote, iachwe ipokee anwani yenyewe. Amri ikilalamika kuhusu dnsmasq, sakinisha kifurushi cha programu kiitwacho dnsmasq-base. Na kama umewasha ulinzi wa ufw, ya pili itakosa anwani kwa sababu maombi yake yanazuiwa mlangoni. Ruhusu hivi:

`sudo ufw allow in on enp3s0`
`sudo ufw route allow in on enp3s0 out on usb0`

Kuhusu data, kwenye kompyuta yenye simu tia alama kwamba muunganisho huo unalipiwa kwa kipimo:

`sudo nmcli connection modify "Wired connection 1" connection.metered yes`

Badala ya Wired connection 1 weka jina utakaloliona kwenye `nmcli connection show`. Programu zinazoheshimu alama hiyo hazitapakua kitu chinichini. Apt unayoichapa mwenyewe itaendelea kupakua, wewe ndiye umeiagiza. Kwa hiyo sakinisha apt-cacher-ng kwenye kompyuta ya kwanza. Kila kifurushi cha Debian kikishapakuliwa mara moja hubaki humo, na kompyuta ya pili hukichukua kwa waya bila kugusa data. Kwenye zote mbili tengeneza faili /etc/apt/apt.conf.d/00hifadhi lenye mstari huu mmoja:

`Acquire::http::Proxy "http://10.42.0.1:3142";`

Nukta mkato ya mwisho ni lazima. Njia hii inahifadhi vyanzo vinavyoanza na http. Vinavyoanza na https hupita bila kuhifadhiwa, na apt inaweza kukataa kuvifuata kupitia hapo. Debian hukagua saini ya kila orodha ya vifurushi hata ikija kwa http, kwa hiyo usalama wa programu unazosakinisha haupungui.

Simu itapata joto, hasa mchana wa Oktoba. Itoe kwenye kava na usiiweke juu ya kasha la kompyuta.

Waya wa mita 40 unakatakata

*Nimevuta waya wa mtandao kutoka sebuleni hadi chumba cha uani, kama mita 40. Nimebana vichwa mwenyewe, kipima chenye taa kinawaka zote 8, lakini mtandao ni wa kusuasua na faili kubwa hukatika. Waya una shida gani, na kikomo si mita 100?* — Fundi anayeanza, Kisasa

Kikomo ni mita 100 kweli, na mita 40 si kitu. Tunadhani kosa liko kwenye mpangilio wa rangi, na taa 8 haziwezi kukuonyesha.

Ndani ya waya kuna jozi nne zilizosokotwa. Msokoto ndio unaofanya kazi: kelele za umeme zikiingia huingia sawasawa kwenye nyuzi zote mbili za jozi, na kadi hupima tofauti kati ya nyuzi hizo, kelele zikafutana. Mafundi wengi wapya huweka jozi kwa mfuatano, chungwa zote, kijani zote, buluu zote, kahawia zote, pande zote mbili sawa. Umeme unapita, taa zinawaka. Ila pini ya 3 na ya 6 zinatakiwa ziwe jozi moja, na kwa mpangilio huo zinakuwa nyuzi za jozi mbili tofauti. Msokoto haulindi tena. Mita mbili utaona pako sawa, mita 40 panasuasua.

Shika kichwa cha plastiki huku klipu ikitazama chini na tundu la kuingizia waya likikuelekea. Kuanzia kushoto: mweupe-chungwa, chungwa, mweupe-kijani, buluu, mweupe-buluu, kijani, mweupe-kahawia, kahawia. Ona jinsi kijani inavyoruka juu ya jozi ya buluu; hapo ndipo mikono hukosea. Fumua msokoto usizidi milimita 13, nyoosha nyuzi kwa kuzivuta katikati ya kidole gumba na cha shahada, kata zote kwa mpigo mmoja ziwe sawa, kisha sukuma mpaka uone ncha za shaba zimegusa ukuta wa mbele. Ganda la nje la waya liingie ndani ya kichwa, ili koleo likibana, kabari ya plastiki ilishike ganda lenyewe. Ukiona nyuzi za rangi zimebaki nje, kata uanze upya. Zitakatika siku mtu akijikwaa kwenye waya.

Baada ya kubana, uliza kadi:

`sudo ethtool enp3s0`

Soma Speed. Ruta na kompyuta zote zikiwa za 1000Mb/s na wewe unaona 100Mb/s, uzi mmoja wa buluu au kahawia haujashika, maana mwendo wa 100 hutumia pini 1, 2, 3 na 6 tu, ilhali 1000 inataka zote. Kisha `ip -s link show enp3s0` itakuhesabia makosa chini ya errors. Nakili faili kubwa, angalia tena. Idadi ikipanda, bado waya ni mbovu.

Kwangua ncha ya uzi mmoja kwa kisu. Ikiwa chini ya rangi ya shaba kuna weupe, ni alumini iliyopakwa shaba. Inavunjika ukiipinda mara chache, na ukinzani wake ni mkubwa kuliko wa shaba. Kwa uani vuta ya shaba tupu. Ipitishe ndani ya bomba la plastiki, usiuache waya wa ndani juani ukutani, kwa sababu jua la Dodoma hukausha ganda lake mpaka likapasuka. Usiulaze sambamba na waya wa umeme. Na mvua zikianza, kuanzia mwezi wa 12, chomoa pande zote mbili radi inapokaribia. Waya uliotoka nje ya nyumba huleta radi hadi kwenye ruta.

Laptopu haioni kadi ya waifai kabisa

*Nimeweka Debian, hakuna hata alama ya waifai.* — Mwanafunzi, UDOM

Chapa mbili hizi:

`rfkill list`
`lspci -nnk | grep -iA3 net`

Ya kwanza ikionyesha Hard blocked: yes, kuna kitufe au swichi ya kuzima waifai kwenye laptopu, kitafute. Ikiwa Soft blocked: yes, `sudo rfkill unblock wifi` inatosha. Kwenye ya pili tafuta mabano ya mraba yenye namba mbili. Zikianza na 8086 ni Intel, 10ec ni Realtek, 14e4 ni Broadcom. Mstari wa Kernel driver in use usipokuwepo, draiva haijapakiwa.

Intel na Realtek mara nyingi hukosa faili dogo la chipu, yaani firmware-iwlwifi au firmware-realtek. Tangu Debian 12 ya mwaka 2023 mafaili haya huja kwenye diski ya usakinishaji yenyewe, kwa hiyo kama umeweka toleo la zamani hapo ndipo shida ilipo. Broadcom nyingi huhitaji broadcom-sta-dkms pamoja na linux-headers-amd64, na hicho cha kwanza kiko kwenye sehemu ya non-free ambayo lazima uiruhusu kwenye vyanzo vya apt. Kwa muda huo tumia simu kwa USB kama tulivyoeleza juu. Secure Boot, ulinzi unaokataa programu zisizo na saini inayotambulika, ikiwa imewashwa, draiva hiyo iliyojengwa kwenye mashine yako itakataliwa hadi usajili ufunguo wake: chapa `sudo mokutil --import /var/lib/dkms/mok.pub`, itakuuliza neno la siri, na ukiwasha upya skrini ya buluu itakuuliza lilelile. Wengi huipita skrini hiyo kwa haraka, kisha wanashangaa waifai haipo.

Nimeuliza kwenye kundi la barua pepe, hakuna aliyenijibu

*Nimeandika mara tatu kwenye kundi la barua pepe la watumiaji wa Linux. Mara mbili kimya. Mara ya tatu mmoja akaniambia kwa ukali nisiingilie mazungumzo ya watu. Sikumtukana mtu. Nimekosea wapi?* — Msomaji, Manyoni

Asante kwa kutuletea barua zenyewe. Hukuvunja heshima ya mtu, ila barua zako zilikuwa ngumu kujibika. Ya kwanza ilikuwa hivi:

> Kichwa: MSAADA JAMANI!!!
> Habari wakuu, poleni na kazi. Intaneti haifanyi kazi kwenye Linux yangu, nimejaribu kila kitu. Naombeni msaada wa haraka, nategemea kompyuta hii kwa kazi.

Hapo hakuna hata kitu kimoja cha kushika. Linux gani? Waya au waifai? "Haifanyi kazi" maana yake kurasa hazifunguki, au kadi haionekani? "Kila kitu" ni nini? Aliyesoma angelazimika kuuliza maswali manane kabla ya kuanza kukusaidia, na anajitolea bila malipo. Alipita tu. Sasa linganisha na hii, ambayo tumeiandika kutokana na maelezo uliyotupa:

> Kichwa: Mint 21.3: waifai ya Realtek RTL8821CE hukatika baada ya dakika 10
> Habari zenu. Waifai huunganika, kisha baada ya dakika kama 10 `ping` ya ruta (192.168.1.1) hukoma. Nikizima waifai na kuwasha, inarudi. Kwa waya hakuna shida. Simu mbili kwenye ruta hiyohiyo hazikatiki. Nimezima uokoaji wa umeme kwa `sudo iw dev wlp2s0 set power_save off`, haikubadilisha. Matokeo ya `lspci -nnk` na ya `journalctl` ya dakika iliyokatika yako hapa chini.

Mtu anayeijua chipu hiyo ataona kichwa tu afungue. Salamu yako ibaki. Mstari mmoja wa salamu haumkeri mtu, na sisi hatuna desturi ya kuingia nyumbani kwa watu bila hodi. Kinachochosha ni aya nzima ya pole na maombi kabla ya tatizo.

Ukali wa mara ya tatu una sababu yake. Ulifungua barua ya mtu mwingine, ukabonyeza kujibu, ukafuta kichwa ukaandika chako. Kwako ilionekana barua mpya. Lakini kila barua pepe ina namba yake ya utambulisho iliyofichika ndani, na jibu hubeba namba ya barua inayojibiwa. Programu za wasomaji zikalipanga swali lako ndani ya mazungumzo ya printa ya mtu. Aliyekuwa akifuatilia printa alikatizwa, na aliyefunga mazungumzo yale hakuliona swali lako kabisa. Ukiwa na jambo jipya, anza barua mpya na uandike anwani ya kundi.

Matokeo ya amri yanakiliwe kwa maandishi, kwenye teminali ni Ctrl+Shift+C. Usipige picha skrini kwa simu. Picha haiwezi kutafutwa wala kunakiliwa, inakula data ya kila mwanakundi, na makundi mengi huitupa. Kama kompyuta yako iko kwa Kiswahili na kundi ni la kimataifa, tanguliza `LC_ALL=C` mbele ya amri ili ujumbe wa kosa utoke kwa Kiingereza kile ambacho wengine wanakitafuta. Kiingereza chako kiwe kifupi na cha wazi, wala usiombe radhi kwa ajili yake.

Ficha neno la siri la waifai. Anwani zinazoanza na 192.168 au 10 ziache, ni za ndani ya nyumba na wasaidizi wanazihitaji. Ukizifuta kwa hofu unafuta ushahidi. Namba ya simu usiweke, maana makundi mengi huhifadhi barua hadharani kwa miaka.

Unapojibu, acha mistari miwili mitatu ya mwenzako unayoijibu, futa mingine yote, uandike chini yake. Mwongozo wa adabu za mtandao uliotolewa mwaka 1995, RFC 1855, ulishashauri hivyo: dondoa kinachotosha msomaji kuelewa, si barua nzima. Kama unapokea barua za siku nzima zikiwa zimefungwa pamoja, usijibu furushi lile bila kubadilisha kichwa na kukata yasiyohusika. Na ujibu kundi. Ukimwandikia msaidizi faraghani, mwingine mwenye tatizo kama lako hatalipata jibu.

Ukikosa jibu, subiri siku tatu, kisha ongeza taarifa mpya kwenye barua yako ileile. Kurudia "jamani hamjanijibu" hakuongezi kitu. Akikujibu mtu kwa ukali lakini ametaja amri, fanya ile amri kwanza, umletee matokeo. Na siku ikipona, rudi uandike kilichoponya, hata kama ni aibu, hata kama ilikuwa ni waya umelegea. Andika neno SOLVED mwanzoni mwa kichwa kama kundi ni la Kiingereza. Usiandike tu "asante, imekubali": atakayefika hapo baada ya miaka miwili akiwa na chipu ileile anatafuta amri uliyotumia.